Umeshuka stesheni ya TAZARA Mbeya na watoto, Kitulo unapandaje?

Kila ikikaribia Desemba, shule zikianza kufungwa, meseji zinaanza kuingia kutoka Dar. Shemeji yangu, jamaa niliyesoma nae, hadi watu ambao sikumbuki namba yangu waliipata wapi. Wote swali moja: tunakuja Mbeya na watoto kwa treni, tunataka wakaone maua Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya mlimani, sasa tukishuka pale stesheni tunafikaje huko juu? Wanauliza kama vile ni jambo la kuita bajaji na kulipa buku mbili. Nimeshajibu WhatsApp mpaka nimechoka, wacha niandike hapa yote, atakayeuliza tena namtumia linki.

Jibu fupi ni kwamba stesheni na Kitulo hazijuani kabisa. Hakuna basi linalosubiri treni ifike liwapakie watu liende nao mlimani. Makao makuu ya hifadhi yako Matamba, karibu kilometa 100 kutoka Mbeya mjini, na hizo kilometa sio za lami mwanzo mwisho. Kwa hiyo hapo una safari mbili, sio moja, na anayezifanya kuwa moja ndo huyo utamkuta saa tisa alasiri yuko katikati ya ukungu, mtoto mmoja ametapika, mwingine analia njaa, na dereva anaanza habari za kuongezewa hela ya mafuta.

Treni yenyewe na watoto haina shida, tena naipenda kuliko basi. Mtoto kwenye basi la Dar Mbeya anafungwa kwenye kiti kutwa nzima, kwenye treni anatembea, analala amenyooka, choo kipo. Cha muhimu ni vyumba: daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanawake na wanaume wanatenganishwa isipokuwa mmechukua chumba kizima, sasa familia ya baba, mama na watoto wawili chukueni chumba chote cha daraja la kwanza, mnafunga mlango, habari imeisha. Mkitoka Dar mnakatiza hifadhi ya Nyerere, kama kuna mwanga watoto wakae dirishani, twiga na tembo wanaonekana bila kulipia getini. Halafu kuna kipande cha Mlimba mpaka Makambako, pale ndo Wachina walihangaika kweli, mahandaki na madaraja yamefuatana, daraja la mto Mpanga peke yake lina kimo cha karibu mita 50, na ukikumbuka reli yote ya kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 unabaki unatikisa kichwa. Wape watoto kazi ya kuhesabu mahandaki, watatulia mpaka Makambako.

Ila kabla hujawaahidi chochote piga simu ofisi ya tiketi ujue treni ya abiria inatembea siku gani kwa wakati huo, manake ratiba hubadilika. Na saa ya kufika ichukue kama makadirio. Reli ni moja, treni zinapishana kwenye stesheni tu, na njia hiyo hiyo ndo inabeba shaba ya Zambia, kwa hiyo mtu anayepanga gari la Kitulo limsubiri stesheni saa fulani kamili anacheza bahati nasibu na hela ya mwenye gari.

Sasa mmefika. Stesheni ya Mbeya haiko mjini, iko upande wa Iyunga kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Teksi na bajaji zinakuwepo treni ikiingia, daladala zinapita barabarani. Hapo hapo watoto wataanza kutetemeka, na wewe pia, manake mmepanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita 1,700 hivi mkiwa mmelala. Kwa taarifa yenu sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima ya TAZARA, Tanzania na Zambia, ni hapo Uyole, mita 1,789, mmeipita dakika chache kabla ya kushuka na mtoto wako alikuwa na kaptula.

Msimamo wangu ni huu na siubadilishi: siku ya treni msiende Kitulo. Hata kama mmefika asubuhi na mapema na jua linawaka. Laleni Mbeya. Watoto waoge maji ya moto (gesti uliza heta ikoje, na usikubali kuambiwa tu ipo, fungua bomba usubiri), wale wali wa Kyela kwa maharage, walale. Mwili wa mtoto uliotoka Dar unahitaji usiku mmoja wa kuzoea hapa kwetu kabla hujaupeleka mita 2,600, vinginevyo kichwa kitamuuma atasema anaumwa malaria na safari yenu itaishia hospitali kupima. Wajomba zangu, watoto wa dada, tulivyowapokea walilala kwa mama Uyole, na mama baada ya kuwapa chai na kusikia wanakokwenda akaniuliza kabisa, "Mnawatoa watoto Dar mnawapeleka kwenye baridi wakaangalie majani? Maua si yapo hapa uani?" Nikamwambia mama hayo ya uani ni mawaridi, akasema haya, nendeni.

Siku hiyo ya kupumzika ina kazi moja tu, nguo. Msinunue makoti Dar. Dar koti la mtoto ni gharama na lenyewe ni la fasheni, upepo unapita. Njooni Mwanjelwa kwenye mitumba. Watu wa Mbeya wanajua baridi, na wauza mitumba wa Mbeya wanajua kwamba tunajua, kwa hiyo marobota ya makoti yanaletwa huku. Mtafute koti lenye kofia, soksi nene jozi mbili mbili, kofia ya sufu, na suruali isiyopitisha maji kama ipo. Glavu watoto watazipoteza, nunua za bei ya chini.

Hapo Mwanjelwa ndo yule wa kati alipata koti jekundu limejaa, zuri kuliko langu, na kwenye zipu limening'inia kikadi cha plastiki kimefungwa na waya. Tukakigeuza geuza, ni tiketi ya lifti ya mlima wa kuteleza kwenye theluji, Ulaya huko, mwenye koti wa kwanza hakuikata. Basi ikawa maswali. Theluji ni nini kweli kweli, wanatelezaje, wanarudije juu, na sisi tunaenda kuteleza? Ikabidi usiku niwasomee kwenye simu. Kuna kijiji Uswisi kinaitwa Zermatt, magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia, mnafika kwa treni na watoto na mabegi na hayo mambao ya kutelezea, mnashuka, ng'ambo tu ya stesheni kuna treni nyingine, ya reli yenye meno katikati, inaitwa Gornergrat, inawapandisha mpaka mita 3,089, na hiyo treni ipo tangu 1898. Yaani mama anashuka kwenye treni moja anavuka barabara anapanda nyingine, yuko juu ya mlima. Hata hapa Afrika Lesotho wana sehemu yao ya kuteleza, Afriski, milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000, ila huko treni haifiki, mnapanda kwa gari na kona za milimani kama sisi.

Nawaambia haya sio kwamba naidharau Mbeya, nawaambia ili muelewe kwamba tofauti yetu na Zermatt haiko kwenye treni wala kwenye mlima. Treni tunayo. Mlima tunao, na maua ambayo wale hawana. Kinachokosekana ni ule uvukaji wa barabara, na hapa kwetu ule uvukaji unaitwa kukodi gari.

Gari basi. Lazima liwe la four-wheel, yaani matairi yote manne yanavuta, la juu, lenye matairi yenye meno, na kama ni msimu wa mvua hapo hakuna mjadala. Noah ya mtu itawaambia inafika, na siku ya jua inaweza ikafika kweli, ila wewe una watoto. Mkubaliane jioni kabla, sio asubuhi: mafuta ni ya nani, dereva anakula kwa nani, mnarudi saa ngapi, mkichelewa inakuwaje, na ni siku nzima sio "kupeleka". Neno kupeleka likishatoka mdomoni mwako umekwisha, kurudi kutakuwa bei nyingine. Muombe dereva akuonyeshe tairi ya akiba na jeki, kwa upole, "Kaka samahani, nina watoto, naomba nione spea." Anayejua kazi yake hakasiriki, anafungua mwenyewe. Mkishindwana gharama tafuteni familia nyingine pale mnapolala, gari moja linabeba.

Kuna watakaosema kwani magari ya abiria hayapo? Yapo. Kuna ya kwenda Matamba kutokea Chimala, na ya Makete yanapita juu huko huko. Kijana mwenye begi mgongoni apande, atafurahi sana. Ila abiria wa kawaida anashushwa barabarani, halafu kurudi anasimama kusubiri gari ambalo likija limejaa magunia ya viazi, na wewe umesimama hapo na mtoto wa miaka minne kwenye mvua ya mita 2,600. Sipendekezi. Na bodaboda kwenye ule mlima na watoto sitaki hata kulijadili.

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ndo maarufu: mnarudi barabara kuu ya kuelekea Makambako mpaka Chimala, kilometa 78 kutoka Mbeya, lami safi ila malori mengi, halafu mnakunja kulia mnaanza kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba. Barabara inaitwa Hamsini na Saba, kwa kuwa ina kona 57. Sio kona za kuinamisha usukani kidogo, ni zile za kugeuka mpaka unaona bati za Chimala upande wa kushoto halafu dakika hiyo hiyo zipo kulia, barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi, na bonde lote la Usangu limelala chini yenu, mashamba ya mpunga mpaka macho yanapoishia. Masikio yanaziba. Wape watoto pipi wamumunye, wapige miayo. Mabishano ya kuhesabu kona yataanza, wetu mkubwa alipata hamsini na moja, wa kati sitini na kitu, mdogo alikuwa na kazi nyingine ya kutapika. Hapo niseme jambo: mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo beba kindoo kidogo chenye mfuniko, taulo na maji ya kusukutua, mtoto akae dirishani, asile chapati za mafuta asubuhi, na tangawizi inasaidia.

Ya pili mnapitia Uyole, mnachukua barabara ya Tukuyu, mkifika Isyonje mnakunja kushoto. Hii inapanda polepole, mashamba ya viazi kila upande, kisha pareto, kisha miti inapungua mnajikuta mko kwenye nyasi tupu. Ina makorongo yake na ikinyesha inateleza, imekuwa ikitengenezwa kwa vipande kwa hiyo ulizia hali yake siku hiyo hiyo, ila haina ule ukuta. Mtu akitumbukia huku anatumbukia mtaroni, kule Hamsini na Saba sijui anatumbukia wapi.

Kwa watoto wadogo na msimu wa mvua mimi naenda na Isyonje, kwenda na kurudi. Kama ni kavu na watoto wana akili zao, pandeni Hamsini na Saba mteremkie Isyonje. Kupanda kunategemea injini na gia, kuteremka kunategemea breki, na mimi breki za gari la kukodi siwezi kuziapia.

Kuna mtu aliniuliza swali la akili: treni si inapita Chimala kabla ya Mbeya, kwa nini tusishukie pale pale tukapanda moja kwa moja? Kwenye ramani ni sahihi kabisa, unaokoa kwenda na kurudi. Ila fikiria treni imeingia Chimala saa nane usiku, stesheni ndogo, watoto wana usingizi, makoti hamna, gari hamjaliona, na kona 57 ziko mbele yenu gizani. Mkiwa watu wazima wawili laleni gesti Chimala, asubuhi mpande. Na watoto, fikeni Mbeya.

Sasa msimu, hapa ndo watu wengi wanapanga vibaya kwa sababu likizo za shule zinawabana. Likizo ya Juni barabara ni kavu, kona mtazipita vizuri, ila maua machache, ukungu mwingi na baridi ni ile yenyewe, alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu na watoto wanaamini wameona theluji. Likizo ya Desemba mvua zimeanza, tope lipo, ila maua yanaanza kufunguka na yanaendelea hivyo mpaka Aprili. Wazungu wa mimea wanapaita Serengeti ya maua, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na hawajaongeza chumvi: zaidi ya aina 350 za mimea, okidi peke yake, yaani yale maua ya orchid, za ardhini aina 45, kwenye kilometa za mraba 412. Ilitangazwa hifadhi ya taifa 2005, na sababu moja ilikuwa viazi vya hizo okidi, watu walikuwa wanazichimba kwa magunia zinavushwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula chao cha viazi hivyo. Waelezeni watoto hivyo kabla hawajaanza kuchuma, wetu walielewa mara moja, mdogo akawa polisi anawakemea hata wakubwa.

Ila waambieni pia kwamba simba hakuna, twiga hakuna. Mtoto aliyetoka Mikumi akifika Kitulo anauliza wanyama wako wapi, na kipunji, yule nyani aliyejulikana kwa wanasayansi miaka ya 2000, anakaa misituni huko mabondeni, hamtamuona kwa matembezi ya saa mbili na watoto. Mtaona ndege, mtaona maua, mtaona mbali. Ukifika hapo juu tembeeni taratibu, maji ya kunywa kila mara, na pakeni mafuta usoni na midomoni, jua la kule lina baridi lakini linachoma na mtoto atarudi na mashavu yamepasuka.

Kuteleza kulifanyika. Sio ndani ya hifadhi, tulisimama wakati wa kurudi kwenye kilima cha malisho, tukamuomba mzee aliyekuwa anachunga, akacheka akatuachia, dereva akatoa salfeti ya viazi kwenye buti, na yule mwenye koti jekundu akakaa juu yake akashuka kwenye nyasi mbichi anapiga kelele kilima kizima. Wakarudia mpaka salfeti ikatoboka. Koti pia.

Mambo ya getini haraka haraka: hawapokei hela mkononi, mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo wekeni hela kwenye simu kabla ya kupanda, mtandao kule juu unakuja unaondoka. Mtanzania analipa kwa shilingi, beba kitambulisho, watoto chini ya miaka 5 ni bure. Chakula bebeni chenu kutoka Mbeya, chupa ya chai iwe kubwa. Hema na watoto wadogo hapana, anayetaka kulala juu alale gesti Matamba.

Ondokeni Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana muwe mmeshageuza gari, manake mchana ndo mvua na ukungu vinaingia. Na treni ya kurudi Dar msiikatie tiketi ya jioni ile ile, acheni siku moja katikati, nguo zote zitakuwa na tope na hakuna mtoto atakayekubali kuoga mara mbili.

Mtakaoniuliza namba ya dereva, siiweki hapa. Ya mwaka jana niliiweka mahali akapigiwa simu na watu hamsini, siku yetu tulivyomhitaji alikuwa Tukuyu na wageni wengine. Ulizeni pale mnapolala jioni mnapofika, watawaitia mtu, na mkumbuke spea.